Marehemu Kristofa Shekiondo na Mtutu Usiofika Mbali

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, jirani zetu wa kanisani na wa msikitini, na ninyi mliosimama kule barabarani kwa sababu viti vimekwisha, familia ya mzee Methusela Shekiondo inawaomba mtulie kidogo ili yasomwe maisha ya ndugu yetu, ingawa sote tunajua kwamba kama angekuwa amekaa hapa pamoja nasi, mpaka sasa angekwisha hama kiti mara mbili, cha kwanza kwa kuwa kinayumba, cha pili kwa kuwa kinatazama jua.

Marehemu Kristofa Methusela Shekiondo alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Maramba, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Methusela, aliyeshuka kutoka milima ya Lushoto kuja kukata mkonge kwa msimu mmoja na akaukata kwa miaka ishirini na sita, na wa mama Anjela, ambaye alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikuja mapema kuliko alivyotarajiwa, kisha akakataa kunyonya, kisha akakataa kuacha, na kwamba tangu hapo hakuwahi kumwona akifanya jambo bila kujaribu kwanza kinyume chake.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule ya misheni, akahamia shule ya kambini mwaka 1966, akarudi ya misheni mwaka 1968, wala si kwa utovu wa nidhamu, bali kwa sababu kila alipokuwa katika shule moja aliamini kwamba hesabu zinafundishwa vizuri zaidi katika ile nyingine, na alipomaliza darasa la saba mwaka 1970 walimu wa pande zote mbili walimwombea heri kwa moyo mmoja. Mwaka 1972 alijiunga na mafunzo ya ufundi mjini Tanga, akahitimu mwaka 1974 kama mkereza vyuma, na Januari 1975 akaajiriwa katika karakana ya reli, ambako alikereza boliti, mihimili na mabushi kwa miaka ishirini na mitatu, akisifiwa kwa usahihi na kulaumiwa kwa mwendo, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kupima, akapima tena, akaweka kipimo chini, akakichukua, mpaka msimamizi wake siku moja akamwambia mbele ya karakana nzima, "Shekiondo, hicho chuma sasa kitakwisha kwa kupimwa."

Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa takatifu na Benedikta, binti wa Muheza, harusi ambayo ilikuwa ifanyike Agosti, ikasogezwa Oktoba, ikasogezwa Desemba, na ingesogezwa tena kama bibi harusi asingemtumia ujumbe kupitia kwa dada yake, kwamba, "Mwambieni Kristofa, Jumamosi mimi nitakuwa kanisani nimevaa gauni, na yeye kama bado anafikiri, aje afikirie humo humo," naye akaja, na alifika wa kwanza. Mungu aliwajalia watoto watatu, Devota mwaka 1982, Daniel mwaka 1985 na Loveness mwaka 1990, na mpaka anafariki alikuwa na wajukuu saba, ambao wote majina yao yalichelewa kuandikwa.

Mwaka 1998 alipunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi, akarudi Maramba na sanduku lake la vifaa, akalima mahindi, mihogo na michungwa kwenye ekari nne zinazopakana na shamba la mzee Thuwaini Nasor, ambaye babu yake alikuja kutoka Omani na kununua upande ule wote wa bonde, na ambaye ana michungwa mingi kuliko anavyopenda kukiri mbele ya watu wa halmashauri. Wawili hawa walikuwa marafiki kwa namna ya watu wanaogombana kila siku na kutafutana kila siku, na adui yao alikuwa mmoja, ngedere wa msituni, ambaye, kwa wale mliotoka mjini, haibi chungwa akaenda zake, bali huchuma, huuma, hukunja uso, hutupa, akachuma jingine, kama mteja aliyeingia dukani kupisha mvua.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2003, baada ya serikali ya kijiji kuridhia na ofisi nne kugonga mihuri, marehemu alipata leseni ya kumiliki bunduki ndogo ya kulinda mazao, naye akawa mlinzi wa bonde lote, kazi aliyoifanya kwa uaminifu na kwa wasiwasi mkubwa, maana alikuwa mtu wa kuinua bunduki, kuishusha, kutazama nyuma ya mti kuna nini, kuinua tena, na ngedere akawa amekwenda kula kwa mwingine. Wakati ule ng'ambo ya bonde ilikuwa vichaka vitupu, lakini watu huzaa na watu hujenga, na kufikia mwaka 2019 kulikuwa na nyumba mgongoni mwa kilima, ya mbele kabisa ikiwa ya Bi Muzna, dada yake Thuwaini, aliyejenga jiko la nje likitazama bondeni ili apate upepo, na mbele ya jiko akaweka tangi la maji.

Hapa inabidi lielezwe jambo moja la kifundi, kwa kuwa bila hilo miaka mitatu ya mwisho ya ndugu yetu haieleweki, na mjane ameomba ieleweke. Ndani ya mtutu wa bunduki mna mifereji inayozunguka kama kamba ilivyosokotwa, nayo huizungusha risasi ili iende imesimama sawa, kama pia ya mtoto inavyosimama kwa kuzunguka. Risasi fupi na nyepesi hutosheka na msokoto wa polepole, yaani duru moja kwa kila inchi kumi na nne za mtutu, lakini risasi ndefu na nzito hutaka duru moja kwa kila inchi nane, na ukiipitisha kwenye msokoto wa polepole hutoka ikipepesuka kama mlevi, ikafika kwa ubavu, popote itakapofika. Zaidi ya hayo, risasi nyepesi husukumwa na upepo wa kusi, haifai kwa mbali, na ikigusa tawi au udongo huvunjikavunjika na safari yake ikaishia hapo, ilhali nzito haina habari na upepo, hufika mbali, na ikimkosa mnyama huendelea na mambo yake.

Bunduki ya marehemu ilikuwa ya msokoto wa inchi kumi na nne. Mwaka 2022 risasi nyepesi ziliadimika madukani, zikawapo ndefu tu, na majirani wakachanga, Thuwaini akampakia marehemu kwenye gari lake mpaka Tanga mjini, akaingia naye dukani, akamchagulia mwenyewe, na marehemu, aliyejua wazi kwamba risasi zile na mtutu ule havipatani, hakuweza kutamka hapana mbele ya watu waliojipinda kwa ajili yake, huo ukiwa ugonjwa wetu sote wa huku, kwamba ni heri mtu akosee kuliko kumrudisha mwenzake na zawadi mkononi. Asubuhi ya Jumamosi tarehe 16 Julai 2022 alimlenga ngedere juu ya mchungwa wa mpakani, risasi ikampita ngedere, ambaye shahidi mmoja anadai aligeuka kuitazama, ikavuka bonde ikipiga mluzi na kutoboa tangi la Bi Muzna, akiwa yeye nyuma yake anakuna nazi. Bi Muzna alishuka kilimani na gauni lililolowa, akasimama mbele ya marehemu na kumwambia, "Baba Devota, tangi langu lina bomba moja na linanitosha, hili la pili nani kakuagiza?" na watu wakacheka kwa kuwa hakuna aliyeumia, lakini marehemu hakucheka, alikaa chini kwenye matope, na wanaomfahamu wanajua kwamba ile ndiyo mara ya kwanza walipomwona amekaa bila kuinuka upesi.

Alikwenda kuliziba tangi mwenyewe, na alipomaliza akavuta uzi kutoka tundu la kuingilia kuelekea kule risasi ilikokuwa ikienda, akakuta unapita juu kidogo ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi anachokalia Bi Muzna, na risasi yenyewe akaiokota ndani ya tangi, imelala, imechoka kwa kupepesuka njia nzima, akaitia mfukoni, akarudi nyumbani na kuanza kutembea uani huku na huku, mwendo ambao aliuendeleza kwa mwaka mzima na zaidi.

Thuwaini alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza, nalo, kifundi, lilikuwa sahihi. Mtutu wenyewe ulikuwa umechakaa na ulikuwa ubadilishwe, hivyo alisema, "Kosa si la risasi, ni la huo mtutu wako wa kizamani, weka wa inchi nane, risasi itakwenda sawa, na nguruwe wanaotumalizia mihogo nao tutawapata," marehemu akamuuliza, "Na ikimkosa nguruwe, itakwenda sawa mpaka wapi?" Thuwaini akasema, "Basi usimkose," na hapo mazungumzo yakawa yanaishia, yakaanza tena kesho yake mahali palepale. Majirani wengi walikuwa upande wa Thuwaini, na familia inasema hivi bila kinyongo, kwa sababu machungwa na mihogo ndiyo ada za shule za bonde lile, na mtu aliyepewa zamu ya kulinda watu wake wasilale njaa hana haki ya kuchukua mwaka mzima kutazama uzi.

Marehemu aliomba kibali cha kubadili mtutu, na kwenye fomu akakuta nafasi ya kuandika urefu, kipenyo, namba, na hata rangi ya kitako, lakini hapakuwa na nafasi ya msokoto, akasafiri kwenda kuuliza, na afisa aliyempokea, kijana mpole ambaye hatumtaji ili asihamishwe, alimwamkia vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mzee wangu, hayo ni mambo ya ndani ya bunduki, sisi serikali tunaishia nje." Kibali kilipotoka kilisema mtutu mpya ufanane na uliotangulia kwa kila hali inayoonekana, naye akaandika barua ya kuuliza iwapo na uchakavu nao ufanane, akajibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi, na kwa kadiri familia inavyofahamu, bado linafanyiwa.

Basi uamuzi ukabaki mikononi mwake peke yake, mahali ambapo uamuzi haukuwahi kustarehe. Fundi Ayman wa Tanga mjini, mwenye leseni ya kutengeneza bunduki, alikuwa na swali moja tu kabla ya kuagiza, msokoto upi, na marehemu alimpigia simu Jumatatu kusema kumi na nne, Jumatano kusema subiri kwanza, Ijumaa kusema nane, na baada ya swala ya Ijumaa hiyo hiyo kusema asikilize la Jumatatu, mpaka Ayman, ambaye ana subira ya fundi, akamwambia, "Mzee Kristofa, tangu uanze watu wamechumbia, wameoa na wameachana, wewe bado unachagua bomba," kisha akampa ushauri wa kistaarabu, achukue inchi kumi, msokoto wa kati, unaozikubali nyepesi na unaozistahimili ndefu, kila mtu apate chake na ugomvi uishe.

Ushauri huo ulimpendeza kila mtu, na marehemu mwenyewe alifurahi kwa siku kadhaa, akala vizuri, hata akakaa kwenye kiti chake mpaka chai ikapoa. Ni Benedikta aliyemharibia, pasipo kukusudia, siku ya Jumapili ya tarehe 12 Novemba 2023 walipokuwa wakichambua mchicha, alipomuuliza, "Wewe utachagua risasi ya kutia, sawa, nakujua, utaichagua mpaka ioze, lakini hiyo bunduki itakuwa na wewe siku zote?" Marehemu alisimama, akakaa, akasimama, akaenda mpaka mpakani na kutazama ng'ambo ya bonde, akarudi na kusema maneno ambayo mkewe ameyakumbuka kama yalivyo, kwamba mtutu unaokubali kila risasi utaikubali na ya mjinga, na kwamba wa inchi kumi na nne ukilishwa risasi ndefu utaitema ovyo, haitampiga hata tembo, na ikivuka bonde itafia ndani ya tangi kama ile, na baada ya siku mbili hakuna atakayejisumbua kuinunua, bali wa inchi nane, na hata huo wa kumi, utaipeleka mpaka jikoni kwa Muzna na salamu juu. Akampigia Ayman, akasema kumi na nne, akakata simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakupiga tena.

Mtutu ulifungwa tarehe 20 Februari 2024, na risasi ndefu zote akazirudisha dukani kwa maandishi, akachukua nyepesi, zilizokuwa zimeanza kuonekana tena, na Thuwaini aliposikia hakuja kumgombeza, jambo ambalo lilimuumiza marehemu kuliko kugombezwa, ila alisema dukani mbele ya watu, ili yafike, "Tulimpa mtu bonde alinde, yeye anawalinda nguruwe," na yakafika kabla hajamaliza kahawa yake.

Mtutu usiofika mbali humtaka mwenyewe asogee, na ndivyo ilivyokuwa. Marehemu, akiwa na miaka sitini na minane, alibomoa dungu lake la juu, ulingo wa miti alioutumia kuamia ndege kwenye mahindi tangu zamani, akajenga jingine chini kabisa karibu na kijito, katikati ya michungwa, mahali penye mbu na umande, ambapo ngedere akishuka anashukia usoni pako na nyuma yake hakuna kitu ila udongo wa kilima, na pale alishinda msimu mzima wa mwaka ule, akipanda, akishuka, akibadili upande, akikohoa. Nguruwe waliendelea kula mihogo, na familia haidai vinginevyo, lakini ngedere walipungua, machungwa yalikwenda sokoni Muheza yakiwa hayajaumwa, na asubuhi moja ya Agosti Thuwaini alishuka bondeni na birika la kahawa chungu na visahani vya haluwa, akapanda dunguni kwa shida kwa sababu ya goti, akamwambia, "Sogea, mtu mwenyewe mwembamba umejaza dungu zima," wakazungumza juu ya bei ya mbolea mpaka jua likawa kali, na mtutu haukutajwa.

Novemba 2024 marehemu aligundulika kuwa na moyo uliopanuka, akaagizwa apumzike na akae mbali na unyevu, maagizo ambayo aliyafuata kwa wiki, akayaacha, akayarudia, mpaka masika ya mwaka huu mahindi yalipoanza kuzaa, naye akashuka tena kijitoni, na Benedikta alipomsihi awaachie vijana alisema vijana watasimama juu kwenye ukavu, na wakisimama juu watapiga kuelekea ng'ambo. Tarehe 11 Mei 2025 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa hospitalini Muheza, ambako aliomba kitanda cha dirishani, kisha cha ukutani, na wauguzi wakamhamisha kote kuwili.

Thuwaini alikwenda kumtazama, akakaa kando ya kitanda, na mwisho akamuuliza lile ambalo wengi wetu tulikuwa tukijiuliza chini chini, kama kwa jinsi alivyokuwa, amelala pale na pumzi zinahesabika, hana shaka na ule msokoto, na marehemu akamjibu, "Shaka ninayo, Thuwaini, ninayo mpaka sasa hivi, huenda kumi na mbili ingefaa," wakacheka wote wawili mpaka muuguzi akaja, na baadaye, alipopata pumzi, akauliza Muzna hajambo, akaambiwa hajambo, akauliza tena. Marehemu Kristofa aliitwa na Mungu alfajiri ya Jumanne tarehe 20 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Kwa kuwa sheria inataka silaha ya marehemu irudishwe, jana Daniel na mama yake waliipeleka polisi, ikapokelewa kwa heshima, na askari wa zamu, alipofika kwenye nafasi ya kasoro, akauliza kama bunduki ina tatizo lolote, Benedikta akamjibu, "Haina, ila haifiki mbali," naye akaandika hivyo hivyo, kasoro, haifiki mbali, akagonga muhuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumvumilia, Baba Mchungaji na wanakwaya, wastaafu wenzake wa karakana ya reli waliotoka Tanga wakiwa na miaka yao, fundi Ayman aliyefunga duka ili awepo, majirani wa bonde lote, waliokubaliana naye na wasiokubaliana naye, mzee Thuwaini aliyechinja mbuzi wanne kwa mkono wake ili watu wa dini zote wale bila kuulizana, na Bi Muzna, ambaye tangu juzi moto wa jiko lake haujazimwa, na ambaye ndiye aliyepika chakula mtakachokula mkitoka makaburini. Kwa wote ambao hatukuwataja, mtusamehe, orodha hii aliianza marehemu mwenyewe hospitalini na aliifuta mara nyingi.

Kristofa, umepima vya kutosha, pumzika sasa kwa amani, na kama hilo nalo ungependa kwanza kulifikiria, fikiria taratibu, baba, hakuna anayekuharakisha.